Uhakiki: Maktaba ya Muyinga, jengo dogo la udongo lenye baraza kubwa

Muyinga ni mji wa kaskazini-mashariki mwa Burundi, kwenye barabara itokayo Ngozi kwenda mpaka wa Kobero. Ukivuka hapo uko Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania, na Kiswahili ni lugha ya biashara pande zote mbili. Maktaba ya kwanza ya mji huo ilikamilika mwaka 2012. Waliosanifu ni BC Architects wa Brussels, wakishirikiana na ODEDIM, shirika la wenyeji, na ilikusudiwa iwe kipande cha mwanzo cha shule itakayowachukua pia watoto viziwi. Eneo lake ni mita za mraba 140, na bajeti iliyotangazwa ni yuro 40,000. Gawanya, unapata yuro 286 hivi kwa kila mita ya mraba.

Bei hiyo ndiyo inayofanya jengo hili listahili kutazamwa upya na kila mji unaopanuka kasi, uwe Kahama au Kitengela, ambako mipango ya maktaba huishia kwenye michoro ya ghorofa nne za vioo zisizojengwa kamwe. Muyinga walijenga kidogo, wakajenga vizuri. Kuna mambo ya kuiga bila kubadilisha kitu, na kuna mawili matatu ambayo mtu akiyaiga kichwa kichwa atajuta.

Tuanze na baraza, kwa sababu ndilo lililo bora kuliko yote. Jengo ni refu na jembamba, na baraza lenye paa linalifuata urefu wake wote. Nyumba za asili za Burundi zina nafasi ya namna hiyo: watu hujikinga mvua na jua, husubiri, hupiga soga. Hapa wasanifu waliipanua makusudi, kubwa kuliko njia ya kupita inavyohitaji, ili iwe sehemu ya maktaba yenyewe. Kati ya nguzo kuna milango inayoonyesha ndani. Ikifunguliwa yote, chumba cha kusomea, baraza na uwanja ulio pembeni huwa nafasi moja inayotazama vilima. Mkutano wa kijiji, masimulizi ya hadithi, mafunzo ya lugha ya alama, vyote vinaingia bila kujenga ukumbi. Majengo mengi yanayoitwa vituo vya utamaduni hutumia fedha nyingi kwenye ukumbi unaofunguliwa siku ya mgeni rasmi tu.

Upande wa barabarani baraza hilo huishia kwenye vipande vya mbao vinavyofunguka na kufungwa. Vikiwa wazi, maktaba iko wazi. Vikifungwa, mpita njia anajua bila kusoma kibao. Ni jambo dogo lililofikiriwa vizuri, hasa pale ambapo baadhi ya wanaokuja ni watoto ambao bado hawajui kusoma.

Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine, hayakuchomwa. Paa ni la vigae vya udongo wa kuchoma vilivyotengenezwa karibu na Muyinga, na uamuzi huo ndio uliotoa umbo zima la jengo. Bati la kawaida lina uzito wa kilo 4 au 5 hivi kwa mita ya mraba. Vigae vya kuchoma hupita kilo 40. Uzito huo hauwekwi juu ya ukuta mwembamba wa udongo ukaachwa hivyo. Ndiyo maana nguzo zimesogezwa karibu karibu, moja kila mita 1.30, zikibeba paa na wakati huohuo kuegemeza kuta ndefu zisiyumbe. Nguzo zimejengwa kwa matofali yenye tundu, na ndani ya tundu kuna zege na nondo kidogo. Zege limetumika pale tu lilipolazimika.

Faida ya vigae inaonekana mvua inapoanza. Chini ya bati, mvua kubwa hunyamazisha darasa zima. Chini ya vigae mwalimu anaendelea kusoma kwa sauti yake ileile.

Paa lina mwinamo wa asilimia 35, yaani linapanda sentimita 35 kwa kila mita moja ya ulalo, na upenu wake umetokeza nje kulinda tofali lisilochomwa. Upenu huo mafundi wengi huupunguza fedha zinapoanza kwisha. Usiuguse! Ukuta wa udongo haufi kwa mvua inayodondoka juu yake peke yake. Hufa kwa maji yanayoruka kutoka chini. Tone likigonga ardhi ngumu hurudi juu likiwa na matope, likala sentimita 30 za mwanzo za ukuta mpaka tofali linakuwa limeliwa kama meno mabovu. Kinga yake ni msingi wa mawe unaotokeza juu ya ardhi angalau sentimita 30, kokoto kuzunguka jengo, na mfereji wa kuondoa maji. Muyinga kiwanja chenyewe ni mteremko. Ukuta wa mpaka wa mawe yaliyopangwa bila saruji umefanywa uzuie udongo kwenye ngazi za kiwanja: mrefu upande wa barabara kwa usalama, mfupi upande wa uwanja ili usizibe mandhari. Ukuta wa namna hiyo hupitisha maji katikati ya mawe, kwa hiyo hauhitaji mabomba ya kupunguza shinikizo kama ule wa zege.

Sasa matofali yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo waigaji hukosea. Udongo wa juu wenye majani na mizizi haufai. Ondoa nusu mita ya mwanzo, chimba chini yake. Kisha upime. Jaza chupa theluthi moja ya udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, weka chini. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, vumbi laini hufuata, mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Unatafuta mchanga na changarawe kuwa zaidi ya nusu, na mfinyanzi usiopita theluthi. Kipimo cha pili ni cha mkono: finyanga kamba nene ya sentimita 3, isukume polepole kwenye ukingo wa meza. Ikikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Ikifika 15 na zaidi bila kukatika, mfinyanzi umezidi na tofali litapasuka likikauka.

Maji ndiyo kosa la kila siku. Chukua donge la ukubwa wa ngumi, liachie kutoka usawa wa bega lianguke kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, fyatua. Likibaki bapa kama andazi, maji yamezidi. Likitawanyika kuwa vumbi, yamepungua. Mafundi waliozoea kufyatua tofali la kuchoma kwa kalibu ya mbao huweka maji mengi mno, kwa sababu mkono wao umezoea tope. Mashine ya mkono ikiwa na watu watano au sita hutoa matofali 300 hadi 500 kwa siku. Kwa kipimo cha kawaida cha sentimita 29.5 kwa 14 kwa 9, ukuta wenye unene wa tofali moja la kulala hutaka 33 hivi kwa mita ya mraba, na ongeza moja katika kila kumi kwa yatakayovunjika.

Ukiamua kutia saruji, asilimia 5 hadi 8 inatosha, lakini mchanganyiko utumike ndani ya saa moja, na matofali yafunikwe nailoni siku saba yabaki na unyevu. Kuyaanika juani siku hiyohiyo ni kuitupa saruji. Yakae kivulini mpaka siku ya 28 ndipo yajengewe.

Upande wa barabarani dari ni ya juu mara mbili, na hapo ndipo pa watoto. Chini kuna kona ya mbao ya kukalia. Juu yake umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge, ghorofa nusu ambayo watoto hulala juu yake na vitabu. Picha nyingi za jengo hili huonyesha wavu huo, na kwa haki, maana ni ubunifu unaotumia kitu kinachosokotwa na wenyeji. Lakini mkonge una masharti. Unyevu huuozesha, jua huufanya mkavu wa kukatika, panya huutafuna. Mafundo yakaguliwe kila mwezi, hasa yale ya ukingoni yanayosuguana na mbao. Kamba iliyoanza kutoa nyuzi ibadilishwe yote, isiungwe. Idadi ya watoto juu iandikwe ukutani kwa picha.

Na kwa watoto viziwi kuna jambo la zaidi. Mtoto aliyelala juu ya wavu haoni mikono ya mwalimu aliye chini. Wavu ni wa kusoma peke yako. Somo la lugha ya alama liwe kwenye kona ya mbao, mwalimu akielekea mwanga. Akisimama akiupa mgongo ukuta ulioachwa matundu ya kupitisha hewa na mwanga, uso na vidole vyake vinakuwa kivuli kitupu.

Matundu hayo yamefuata mpangilio wa matofali. Hewa ya joto hupanda na kutoka, chumba hubaki na ubaridi bila feni, na usiku taa zikiwaka jengo huonekana toka mbali. Gharama yake ni vumbi. Kiangazi cha Burundi, Juni hadi Agosti, hakina huruma kwa karatasi, na tundu lisilo na wavu wa mbu huwakaribisha nyigu na popo. Anayeiga aweke wavu tangu ujenzi, asimamishe rafu mbali na ukuta sentimita 10 au zaidi, na vitabu vya thamani viwe kwenye kabati lenye mlango. Mbao za paa ni za mikaratusi. Mti huo upo tele, ila mchwa wanaujua: ukaushwe, upakwe dawa kabla ya kupandishwa, na ncha zake zisizikwe ndani ya ukuta wa udongo.

Udhaifu halisi ni ukubwa. Ukitoa baraza, rafu na njia, chumba kilichobaki ni cha darasa moja lililokaa kwa kubanana. Kwa mji unaoongezeka watu hakitoshi. Bahati nzuri mpango wenyewe una jibu: mwisho wa pili wa baraza uliachwa uendelee kuwa njia kuu ya shule. Kwa hiyo ardhi ya upande huo ndiyo ya kununua kwanza, kabla hata ya rafu, maana mji ukishakua bei yake haishikiki. Nafasi kumi zaidi kati ya nguzo, kila moja mita 1.30, ni mita 13 za jengo, kwa matofali yaleyale na mafundi walewale, na maktaba haifungwi hata siku moja kazi ikiendelea.