Kadi ya Sauti ya USB kwa Anayerekodi Nyumbani Lamu

Kadi ya sauti ni kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta. Yangu ya kwanza ilikuja na sidii ya draiva (programu za kuendesha kifaa) za Windows. Laptopu yangu ni ya Ubuntu Studio, aina ya Linux, nikaichomeka kadi, kimya. Tangu siku hiyo, kabla ya bei, nauliza: inafanya kazi bila draiva ya mtengenezaji? Kadi inayofuata kanuni za kawaida za sauti ya USB hutumia draiva iliyomo tayari kwenye kerneli (kiini) ya Linux, iitwayo snd-usb-audio. Muuzaji akisita, muulize kama inatumika kwenye iPad bila kusakinisha kitu. Ikikubali huko, kwa kawaida programu za kurekodi za Linux kama Ardour na Audacity zitaiona pia.

Kisha hesabu maiki. Anayerekodi kasida hutaka sauti ya msomaji itengwe na matari. Mpiga udi anayeimba hutaka maiki moja mdomoni, nyingine kwenye udi. Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni Behringer UMC202HD. Ina matundu mawili ya maiki, volti 48 za maiki za kondensa (zile zinazohitaji umeme), kasha la chuma, na kitufe cha kujisikiliza bila sauti kuchelewa. Umeme wake hutoka kwenye waya wa USB, basi stima zikikatika katikati ya kasida, chaji ya laptopu inawavusha.

Ya pili ni Focusrite Scarlett Solo. Sauti yake ni safi sana, ila tundu la maiki ni moja; la pili ni la gitaa au kibodi. Anayesoma tenzi peke yake itamtosha kabisa. Mwenye uwezo apande hadi Scarlett 2i2, yenye matundu mawili ya maiki. Scarlett hizi za toleo la tatu zikiwa mpya hujitokeza kwenye kompyuta kama flashi: shikilia kitufe cha 48V kwa sekunde tano unapoichomeka kadi, itaacha.

Behringer UM2 ni ya tatu. Maiki moja, biti (kipimo cha undani wa sauti) 16 tu, wakati zile mbili zina 24. Bado ni bora mara nyingi kuliko tundu la maiki la laptopu, na kwa kijana anayeanza sioni aibu yoyote kuianza nayo.

Usiongeze hata shilingi kwa ajili ya sampuli (vipimo vya sauti) 192,000 kwa sekunde. Rekodi kwa 48,000. Fedha hiyo nunua waya mzuri wa maiki na mafarishi ya kutundika ukutani: kuta zetu za matumbawe huzuia mlio wa punda wa kichochoroni, lakini chumba chembamba cha boriti chenye chokaa tupu hurudisha mwangwi vibaya.

Ukinunua iliyotumika, nenda na laptopu yako. Kwenye dirisha la amri (terminali) andika arecord -l uone kama jina lake linatokea, kisha mulika tochi ndani ya matundu. Hewa ya bahari hula chuma. Ukiona kutu ya kijani kwenye pini, iache. Yako ikishafika nyumbani, ukimaliza kurekodi irudishe kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.