Freecycle kwa mtu anayehama nyumba: vitu vinatoka kweli

Kama unahama na nyumba imejaa vitabu, vyombo na makorokoro ambayo huyahitaji tena ila roho inagoma kuyatupa, mimi nakwambia anzia Freecycle, mtandao wa watu kupeana vitu bure. Nimeitumia wakati wa kuhama, nikajaribu na njia nyingine za kugawa vitu, na zote nimezipima kwa kigezo kimoja tu: je, kitu kitakuwa kimeshatoka ndani kabla gari la mizigo halijafika? Maana anayehama anakimbizana na tarehe, mengine yote yanafuata.

Kwa wasioijua, Freecycle ilianzia Tucson, Arizona kule Marekani mwaka 2003, mwanzilishi wake anaitwa Deron Beal, na mwanzoni ilikuwa ni imeili tu za kuambizana nani ana kitu gani cha kutoa. Siku hizi ni magrupu ya eneo kwa eneo. Unajiunga na grupu la kwenu, unaposti unachotoa, watu wanakutumia meseji, unachagua wa kumpa, anakuja kuchukua, basi. Sheria kubwa ni kwamba kila kitu kiwe bure, kiwe halali na kiwe kinafaa kwa watu wa umri wote. Hii ya bure kabisa ndo inayonikosha, kwa sababu ukiweka bei hata iwe ndogo vipi mtu ataomba upunguze, kesho aulize tena kama kinafanya kazi vizuri, keshokutwa aseme anasubiri mshahara, na muda wote huo kitu kipo palepale sebuleni kinakuangalia.

Halafu usidharau kitu kibovu. Nilikuwa na feni, mota inazunguka vizuri ila stendi imevunjika, nikaandika hivyohivyo bila kuficha na picha ya pale palipovunjika nikaweka. Kijana mmoja akaja, wala hakuiangalia stendi, akaiwasha, akainamisha sikio kusikiliza mota, akatabasamu, akaibeba. Alikuwa anatafuta mota! Kwa hiyo andika ukweli wote, kina ufa wapi, kimekosa nini, na vipimo uweke, hasa kabati na sofa, maana unakuta mtu kaja na gari la kukodi na kabati halipiti hata mlangoni kwake, jamani anaumia yeye na unaumia wewe.

Kwenye vitabu hapa ndo nataka niongee sana. Kuposti "vitabu vingi, boksi zima" ni kujichelewesha, watu hawajui ndani kuna nini. Vigawe kwa aina, vya watoto pamoja, vya shule pamoja, hadithi pamoja, piga picha migongo yake majina yasomeke. Nilikuwa na kitabu cha fizikia kina maandishi yangu ya penseli pembeni kila ukurasa, nikaona hiki nani atakitaka, kumbe mwanafunzi aliyekuja alisimama mlangoni anafunua anasoma yale maandishi, akaniambia hayo ndo anayoyahitaji. Aisee nilifurahi siku nzima. Ila vyenye ukungu usimpe mtu kabisa, ukungu unahamia kwenye vitabu vyake vingine, hivyo peleka kwenye takataka hata kama vinakuuma. Na vitabu unavyobaki navyo vipange kwenye maboksi madogo, karatasi ina uzito balaa, boksi kubwa likijaa vitabu linapasuka kitako.

Sasa hizo njia nyingine. Buy Nothing, magrupu ya majirani kupeana vitu bure yaliyoanza 2013 kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington kule Marekani, ni nzuri sana kwa ujirani, wanahimiza usimpe wa kwanza kuomba, uliache tangazo likae kidogo watu wengi walione ndo uchague. Kwa mtu ambaye haendi popote napenda huo utaratibu, lakini kama unahama wiki ijayo huna huo muda. BookCrossing ya tangu 2001 ni ya vitabu tu: unakisajili kitabu, kinapata namba yake, unaiandika ndani halafu unakiacha mahali au unampa mtu, na anayekipata anaweza kuingia kwenye tovuti kuandika kimefika wapi. Vile vichache unavyovipenda kutoka moyoni vipitishe huku, ila sio maboksi. Vile visanduku vya Little Free Library, vinavyowekwa nje mtu achukue kitabu au aache chake, navyo vinachukua vitabu vichache tu, kwa hiyo weka viwili vitatu vilivyo safi, usijaze mpaka mwenzako akose pa kuweka chake.

Tatizo kubwa la vitu vya bure popote pale ni watu kuitikia kwa mbwembwe halafu hawaonekani. Dawa yake, mpe mtu siku na saa, mwambie wazi kuna mwingine anasubiri nyuma yake, na huyo wa pili mwambie ni wa pili. Saa ikipita bila taarifa, kitu kinaenda kwa anayefuata, usione aibu. Anwani usiiweke kwenye tangazo, mpe yule tu uliyemchagua, na vitu vyepesi mkabidhiane nje.

Kwa upande wa usalama wa akaunti nawapunguzia nyota moja, kwa sababu 2023 Freecycle wenyewe walitangaza kwamba taarifa za watumiaji zilivuja, ilikuwa zaidi ya watu milioni 7, na wakaomba watu wabadilishe paswedi. Kwa hiyo ukijiunga tumia paswedi ambayo huitumii kwingine kokote, hasa sio ya imeili yako. Na ukigawa simu au kompyuta futa kila kitu kwanza, toa na akaunti zako.

Vipo vitu ambavyo mimi sigawi hata aombe nani. Kiti cha mtoto cha kwenye gari kilichowahi kupata ajali, hata kionekane kizima. Godoro lenye kunguni. Kifaa cha umeme chenye waya uliochubuka, hicho nitakitoa tu kwa fundi anayetaka spea na nitamwambia kabisa tatizo liko wapi.

Halafu wengi hawajui kwamba Freecycle unaweza pia kuomba. Anza kwa kuomba maboksi, kuna mtu kahamia nyumba mpya juzi tu na maboksi yamemjazia korido hajui ayapeleke wapi, atakushukuru wewe uliyekuja kuyachukua. Nyota nne kati ya tano, na anza kuposti mapema, vitu vikubwa kwanza.