TAHADHARI: Muuza tapu za T8 pande za Gerezani, Dar, msimpe hela

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Kuna kijana anauza tapu (kile kifaa cha kukata nyuzi ndani ya tundu) za kuchongea nati za plastiki za skrubu ya T8, ile ya milimita 8 inayosogeza sehemu za mashine ikizunguka. Anajitangaza kwenye magrupu ya watu wa CNC (mashine za kuchonga kwa kompyuta) na printa za 3D, hana fremu, ana meza na jiliwa tu. Kanipiga 90,000 mchana kweupe, nimesimama mbele yake.

Mnaoijua mashine yangu mnajua nati za shaba zilivyonitesa, sirudii. Kipande cha POM, ile plastiki ya kuchongea nati, nilishapata, cheupe, kizuri, kilichobaki ni tapu. Kuagiza nje ni hela na kusubiri, huyu akasema anayo, tena ya HSS, kile chuma kigumu cha vifaa vya kukatia: "HSS orijino bosi wangu, ya Mjerumani, siyo hizi za kukwangua na grenda."

Najua kuna watakaokuja kunicheka hapo chini, kwa hiyo sikilizeni kwanza. Sikununua picha. Nilimwambia chonga nione. Akabana kitofali cha nailoni kwenye jiliwa, tundu lilikuwa tayari, akaingiza tapu na kuanza kuzungusha, mbele raundi moja, nyuma nusu, kwa utulivu wa fundi haswa. Takataka za nailoni zikawa zinatoka ndefu, zimejisokota, safi kabisa. Akachukua kipande cha skrubu ya T8, ile yetu ya kawaida ya njia nne (nyuzi nne zinazopanda sambamba), akaingiza. Raundi moja, imezama milimita 8. Nilipima kwa venia yangu mwenyewe! Akaisimamisha wima, akagusa kile kitofali kwa kidole, kikateremka chenyewe kinazunguka mpaka chini. Wewe ungebaki na swali gani?

Nikatuma hela. Simu yake ikalia, akasema "imeingia bosi", akageukia boksi lake eti anifungie vizuri isishike kutu. Hapo ndipo aliponimaliza. Akaja na kitu kimejaa grisi, kimeviringishwa gazeti, kimefungwa raba bendi. Nikachungulia: meno yapo, mifereji ipo, rangi ya bluubluu ya moto ileile. Nani anaanza kufuta grisi barabarani kavaa shati la ofisini? Nikapanda daladala.

Nyumbani nikatoboa POM kwa biti ya milimita 6.5, nikaingiza tapu. Haikati, inasaga. Nikasema labda hii plastiki ni ngumu kuliko nailoni yake, nikasukuma hadi mwisho. Nikaleta skrubu ya mashine, ikaingia nusu raundi, ikagoma. Mafuta, plaisi, wapi! POM yangu imeshakuwa takataka.

Nilipoiosha kwa petroli ndiyo nikaona. Ni njia moja! Jino hadi jino ni milimita 2 kama kwenye T8 ya njia nne, kwa hiyo ukitazama haraka vinafanana. Tofauti ni ulalo wa nyuzi: ya njia nne imelala sana maana raundi moja inatembea 8, hii inatembea 2. Na ulalo ndio aliouzika kwenye grisi. Nikapitisha tupa kwenye meno, ikala kama inakula msumari. HSS gani inaliwa na tupa? Sumaku nayo inashika kwa kusitasita, HSS ingenaswa kabisa. Ni kipande cha skrubu ya stenlesi kakipitisha grenda, halafu akakichoma na gesi kipate rangi. Stenlesi ya 304, ambayo ndiyo skrubu nyingi za T8, haikazwi kwa moto hata uichome mpaka kesho. Ile rangi ni urembo.

Na msinielewe vibaya, sina ugomvi na tapu ya kienyeji. Kata kipande cha skrubu ileile ya mashine yako, chonga ncha iwe nyembamba, pitisha mifereji, kingo ziwe kali, plastiki itakatika vizuri tu hata kama chuma hakijakazwa. Angeniambia "nimechonga mwenyewe, lete 15,000" ningempa na soda juu. Lakini Mjerumani! HSS! Bosi wangu!

Nilimpigia akasema "umekosea tundu kaka", kisha akaniblok. Nikarudi Gerezani, meza hakuna. Mama ntilie wa jirani kasema huyo anahamahama na siyo mimi wa kwanza kumuulizia.

Huyu afungwe. Siyo kulala mahabusu usiku mmoja atoke anachekacheka, afungwe kweli, apewe na hiyo tapu yake ya Mjerumani achonge nati za magereza yote ya nchi hii. Watu kama hawa ndio wanafanya fundi mwaminifu pale Gerezani aonekane mwizi. Kama kuna anayemjua mzee wake amwambie amelea nini.

Mnaouliza dalili: grisi nyingi, risiti hana, na ile ya majaribio haiuzi, ukiitaka anasema "hiyo ya kazi". Futeni hapohapo mhesabu mianzo ya nyuzi kwenye ncha, iwe minne. Tupa na sumaku mfukoni. Basi.

Namba yake nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na picha za mazungumzo ninazo, admini. Wengine mliopigwa njooni inbox na miamala yenu, Jumatatu naenda polisi kuchukua RB na nataka tuwe wengi.