Tathmini: vepu «isiyo ya kutupa» kutoka duka moja la Kisumu

Duka ninalolizungumzia liko katikati ya jiji la Kisumu, hatua chache kutoka Barabara ya Oginga Odinga, na huuza vifaa vya simu upande mmoja na sigara za kielektroniki upande wa pili. Nilinunua hapo, kwa shilingi 2,000, vepu (yaani sigara ya kielektroniki) ambayo mwuzaji aliisifu kuwa si ya kutupa kwa sababu ina tundu la chaja, akaongeza kwamba ndiyo inayouzwa Uingereza tangu zile za kutupa zipigwe marufuku.

Marufuku hiyo ipo kweli. Ubelgiji ilianza Januari 2025, Ufaransa ikafuata Februari, na Uingereza ikaanza tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Hata hivyo, sheria ya Uingereza hairidhiki na tundu la chaja peke yake: kifaa lazima kiweze kujazwa tena, ama kwa kumimina majimaji ama kwa kubadilisha kichupa chake, na vichupa hivyo viwe vinauzwa kando. Kule England, maofisa wa biashara wa halmashauri za mitaa ndio wanaokagua maduka. Adhabu ya kwanza inaweza kuwa faini ya pauni 200, na anayeendelea kukaidi anaweza kushtakiwa na kufungwa hadi miaka miwili. Mkaguzi hahitaji maabara kugundua ujanja wa kuweka tundu la chaja tu bila vichupa, kwa maana inatosha aulize vichupa vya akiba viko wapi.

Nami niliuliza. «Bado hazijaingia, mkubwa,» mwuzaji alijibu. «Ikiisha unanunua nyingine tu.»

Kifaa chenyewe hakikunipa sababu ya kukitetea. Ladha ya embe ilikuwa safi mwanzoni, kisha koili, yaani waya unaochemsha majimaji, ikaanza kuunguza na kuacha uchungu kooni ilhali majimaji yalikuwa bado yamebaki, na koili hiyo haibadilishiki. Pakiti imeandikwa nikotini asilimia 5, yaani miligramu 50 kwa mililita, wakati kiwango cha juu kinachoruhusiwa Uingereza ni miligramu 20. Kwa hiyo, hata kama vichupa vingekuwepo, kifaa hiki kisingeuzwa kihalali huko alikosema mwuzaji.

Kilipokwisha nilikirudisha dukani, kwani wauzaji wa Uingereza wanatakiwa kupokea vifaa vilivyokwisha, lakini hapa nilielekezwa kwenye pipa la taka la kawaida. Betri ya lithiamu ikipondwa ndani ya lori la taka inaweza kuwaka moto. Nilimpelekea fundi wa redio pale Kibuye, ambaye alilazimika kupasua ganda lililogandishwa kwa gundi, akakuta betri ingali nzima na kuiweka kando kwa ajili ya tochi. (Huduma yake ilikuwa bora kuliko ya dukani, na hakunitoza chochote.)

Kwa haki, duka hili linamdai kitambulisho kila mnunuzi anayeonekana kijana, na mmoja aliyekuwa mbele yangu alirudishwa kwa kukosa cha kuonyesha. Kwa hilo nalipatia duka nyota mbili kati ya tano. Kifaa nakipa moja. Mvutaji anayetaka kweli kifaa cha kudumu aombe kuonyeshwa kichupa cha akiba na bei yake kabla hajalipa, na asipoonyeshwa, basi ahesabu kwamba shilingi 2,000 hizo atazitoa tena kila majimaji yakiisha.