Kingamwili ya kipokezi cha AT1: nyota moja, na hiyo ni ya boksi

Kufungasha wanajua, hilo siwanyimi. Boksi lilifika Dar siku ya sita, barafu bado ngumu, kichupa cha mikrolita 100 kimesimama wima kwenye povu lake. Ndani yake ni kingamwili: protini inayotakiwa kushika kipokezi cha AT1 tu, na pale iliposhika panatoka rangi ya kahawia. Dola 420, bado hujamlipa wakala wa forodha.

Sisi kazi yetu ni figo za vitoto vya panya. Panya huzaliwa figo yake haijaisha kujengwa. Vichujio vinaendelea kuchipua mpaka karibu siku ya kumi, kazi ambayo binadamu huimaliza tumboni, kwenye wiki ya 36 hivi. Angiotensini, homoni ambayo wengi tunaijua kwa habari za presha, huku ni fundi ujenzi. Inashika kipokezi cha AT1, protini ya kwenye seli inayopokea ujumbe wake, na figo inajengeka. Mpe kitoto losartani, dawa ya presha inayoziba kipokezi hicho, siku hizo za mwanzo uone: ncha ya ndani ya figo inasinyaa, mirija inatanuka, na akishakua mkojo wake unabaki mwepesi kama maji. (Shangazi yangu anameza losartani kila asubuhi na yuko salama. Mjamzito ndiye asiiguse.)

Nilitaka kuona AT1 imekaa wapi siku ya tatu. Figo ya siku hiyo haizidi punje ya kunde, mkono ukitetemeka imekwenda. Nikakata, nikapaka kingamwili iliyozimuliwa kwa 1:200 kama karatasi yao inavyoelekeza, nikainama kwenye hadubini. Kahawia kila mahali! Mirija, mishipa, ukanda wa nje ambako vichujio vipya vinaanza, hadi kipande cha mafuta kilichong'ang'ania pembeni. Nikashuka hadi 1:1000. Chai ileile, imeongezwa maji. Slaidi ambayo sikuitia kingamwili ilitoka safi, viini vya bluu tu, kwa hiyo tatizo si rangi.

Wenzetu wa maabara nyingine wakatugawia slaidi za panya wa aina ndogo (mouse, si vitoto) walioondolewa jeni za AT1. Pale kipokezi hakipo kabisa, kingamwili ya kweli haina cha kushika. Hii yetu ikashika kwa raha zake, na ukizichanganya slaidi mezani huwezi kuniambia ipi ni ipi.

Nikawaandikia wauzaji. Kwanza wakasingizia usafiri, nikawatumia picha ya barafu. Kisha wakaniletea picha yao ya kujivunia: wameichanganya kingamwili na kile kipande cha protini walichoitengenezea, na rangi imefutika. Sawa, imethibitika kwamba inakishika kipande hicho. Je, kwenye figo inashika nini? Hapo kimya. Na si ugonjwa wa kampuni moja: mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliopima kingamwili kadhaa za AT1 za madukani kwa panya wasio na kipokezi, majibu yakawa kama yangu. Kosa langu ni kusoma hayo baada ya kulipa.

Ukitaka kununua, waombe picha ya panya asiye na jeni hiyo kabla hujatoa hela. Wakianza kuzunguka, hamia kwenye kupima RNA, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza kipokezi, ndani ya tishu. Ni ghali zaidi, ila sisi sasa tunaona doa pale linapotakiwa.

Hela hazikurudi. Wamenipa punguzo la asilimia 15 kwa oda ijayo. Kichupa kipo friza, rafu ya chini, nimekibandika karatasi: MAZOEZI. Wanafunzi wapya wanajifunzia kupaka.