TAHADHARI: "Waksi pamba tupu" zinazotumwa Dodoma kwa basi

Wana Dodoma mnaochangishana sare za sendofu na kipaimara, kuna muuzaji wa vitenge mtandaoni wa kumkwepa. Anasema yupo Kariakoo, mzigo anapakia kwenye basi, unauchukua stendi ya Nanenane. Elfu 28 kwa pisi, "waksi, pamba tupu, yadi 6". Hela yote kwanza. Ukiomba ulipe nusu, anakurushia picha za miamala ya wateja wengine.

Mzigo wa kikundi chetu ulifika, siyo kwamba alikula hela akazima simu. Shida ni kilichomo. Juu kitenge kinang'aa, ukikigeuza kimepauka kama gazeti lililoanikwa juani. Waksi halisi rangi inapenya pande zote mbili, hujui ndani ni upi. Fundi wetu akachomoa uzi pembeni akauwasha kiberiti: ukayeyuka, ukaganda ukawa kidonge cheusi kigumu. Poliesta hiyo. Pamba inaungua kama karatasi, inabaki jivu laini.

Akachukua futi kamba. Mita 4 na sentimita 60 hivi, wakati yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu. Yaani yadi 5 zimebandikwa lebo ya yadi 6. Uliyetaka vipande vitatu vya kujifunga, yadi mbili mbili, cha tatu huna.

Kuna atakayesema poliesta ina ubaya gani, mbona haichuji? Kwa gauni la jioni moja, sawa, na ikiuzwa kwa jina lake na bei yake sina neno. Ila kitenge kwetu ni cha kushinda nacho: sokoni Majengo, kisimani, msibani. Kwa jua la Dodoma la saa nane, poliesta hainyonyi jasho, inang'ang'ania mwili. Kiunoni unafunga, ukiinama kimelegea. Kwenye mbeleko ndiyo naogopa kabisa: mtoto mzito mgongoni, fundo linateleza kifuani, na mikono yote miwili umeshika ndoo.

Maandishi ya ukingoni yasikutishe. Hizi zetu zimechapwa hadi jina la Vlisco. Waksi ya Vlisco, kampuni ya Uholanzi, kwa elfu 28? Labda kipande cha kufungia kichwa.

Mkiagiza sare, ombeni pisi moja kwanza, igeuzeni, ipimeni, ndipo mlipie nyingine. Akikataa, nendeni dukani mkashike kwa mikono, hata kama bei imezidi kidogo. Anayechukua hela na kutokomea, tuma namba yake kwenda 15040. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, tunzeni lebo na muamala.

Huyu ukurasa wake ameshaubadilisha jina, ila picha ni zilezile: vitenge vimepangwa juu ya kochi jekundu, na mkono wenye pete mbili unavipapasa upande wa juu tu.