Uzoefu wangu: kuanza muziki wa kantri kwa gitaa la bei ya chini la umbo la Telecaster

Nimelipiga miezi minane, karibu kila siku. Gitaa linafaa, ila si kama linavyotoka kwenye boksi. Likiwa hivyo vidole vitauma na utadhani kantri ni ngumu kuliko ilivyo. Lirekebishwe kwa saa mbili, libadilishwe nyuzi, na utashangaa kinachotoka. Chapa siitaji, kwa sababu magitaa ya daraja hili yanafanana mno, na kasoro nitakazozieleza nimezikuta kwenye matatu tofauti.

Kwanza, kwa nini umbo hili. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alilitoa Fullerton, California, mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster, na 1951 likaitwa Telecaster. Daraja lake, pale nyuzi zinapokaa upande wa mwili, ni bamba la chuma lililokazwa kwa skrubu kwenye mwili. Halichezi. Hilo ndilo jambo kubwa kwa kantri, maana robo tatu ya mbwembwe za solo ya kantri ni kuvuta uzi mmoja huku mingine miwili ikiendelea kulia. Kwenye gitaa lenye daraja la springi, ukivuta uzi mmoja springi zinavutika kidogo na nyuzi ulizozishikilia zinashuka mlio. Utalaumu masikio yako bure. Kwa hiyo kama duka lina gitaa zuri la umbo la Stratocaster, lenye daraja la springi, kwa bei ileile, bado ningechukua hili.

Sababu ya pili ni pikapu (sumaku inayonasa mlio wa nyuzi) ya nyuma, iliyokaa ndani ya lile bamba. Sauti yake ni kali, ya kudonoa. Ndiyo iliyofanya kazi mjini Bakersfield, California, miaka ya 1960: Don Rich akiwa na Buck Owens, Roy Nichols akiwa na Merle Haggard. Ukiipiga peke yako chumbani inaweza kukukera. Punguza kitufe cha toni mpaka 6 au 7, inakuwa tamu.

Gitaa kavu, lisilo la umeme, nalo lina nafasi yake, na kwa rithim ya kuimbia ningelichagua hilo. Lakini nyuzi zake za kawaida za 12 hadi 53 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) hazivutiki toni nzima, yaani mlio kupanda kwa freti mbili (freti ni vile vyuma vya shingoni), kwa vidole vya mtu anayeanza.

Sasa hali yake siku ya kwanza. Nilipima kwa fila geji ya mafundi wa magari, ile ya bei rahisi. Bana uzi wa 6, ule mnene kabisa, kwenye freti ya 1 na ya 17 kwa pamoja, halafu pima nafasi kati ya uzi na freti ya 8. Inatakiwa iwe karibu milimita 0.25, langu lilikuwa 0.5, yaani shingo imepinda kwenda mbele. Dawa ni chuma kilicho ndani ya shingo: spana ya aleni, zungusha kulia robo mzunguko tu, tuni upya, acha nusu saa, pima tena. Langu lilihitaji robo mbili. Anayezungusha mzunguko mzima kwa hasira ndiye anayevunja shingo.

Baada ya hapo, na si kabla, pima kimo cha nyuzi juu ya freti ya 17. Kipimo cha kawaida cha Fender ni milimita 1.6. Langu lilikuja na 2.6, ndiyo maana kordi ya F ilikuwa adhabu. Nimeshusha nyuzi za 1 hadi 3 zikafika 1.6, lakini za 4 hadi 6 nimeziacha 1.8. Besi ya kantri hupigwa kwa nguvu ya gumba. Ukishusha sana, zinagonga freti na kutoa mlio wa bati.

Halafu nati, kile kipande cha plastiki juu ya shingo chenye mifereji sita. Ukituni uzi wa 3 ukasikia "ting!" na mlio ukaruka, uzi unakwama mferejini. Sugua mfereji huo kwa ncha ya penseli ya kawaida. Ule unga mweusi ni kilainishi. Kasoro hii ni ndogo lakini ndiyo inayofanya watu waseme gitaa "halikai tuni".

Mwisho wa matengenezo ni urefu wa kila uzi darajani. Piga uzi wazi, kisha bana freti ya 12, tazama tyuna ya simu. Kama freti ya 12 iko juu, rudisha kigari cha daraja, kile kipande kinachobeba uzi, nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Langu lina vigari sita, kimoja kwa kila uzi. Magitaa ya mtindo wa zamani yana vigari vitatu, kila kimoja kimebeba nyuzi mbili, kwa hiyo ukirekebisha huu unaharibu ule kidogo. Wapenzi wa kale wanavisifu kwa sauti. Anayeanza asijitafutie kazi.

Nyuzi: lilikuja na 9 hadi 42, na kwa kuvuta ni sahihi. Nilijaribu 10 hadi 46 kwa mwezi mmoja. Besi ilinenepa, lakini mbinu nitakayoieleza chini ikawa vita. Nikarudi 9. Kwa walioko pwani, jasho na hewa ya chumvi hula nyuzi haraka. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza, juu na chini yake. Uzi wenye kutu hautuniki, na unalima freti kama msasa.

Amplifaya usihangaike nayo. Yoyote ya wati 10 hadi 20 yenye sauti safi inatosha, mradi iwe ya umeme wetu. Iliyoletwa kutoka Marekani imeandikwa 120V, na ukiichomeka kwenye volti 230 au 240 bila transfoma unaichoma siku hiyohiyo. Pikapu za aina hii zinanguruma, ndiyo asili yake: ni mlio wa umeme wenyewe, hezi 50. Kaa mbali na taa za mwanga mweupe na chaja za simu, geuka upande mpaka upungue. Athari ninazozitumia ni mbili tu. Kompresa, inayosawazisha mapigo ya kidole na ya piki (kile kipande cha kupigia nyuzi), na mwangwi mmoja mfupi wa milisekunde 120 hivi, unaorudi mara moja basi. Ukizidisha mwangwi unakuwa pangoni, na kila kosa unalisikia mara mbili.

Hayo yote ni mbao na waya. Kantri iko mkono wa kulia, na hapa ndipo miezi yangu minane imekwenda.

Anza na piki ya kawaida na kordi tatu: G, C, D. Hesabu nne. Kwenye G piga uzi wa 6 peke yake, kisha kung'uta nyuzi tatu nyembamba, kisha uzi wa 4 peke yake, kisha kung'uta. Kwenye C anza uzi wa 5, halafu wa 4. Kwenye D anza wa 4, halafu wa 5. Kosa la kila mtu ni kung'uta nyuzi zote sita, besi ikazama ndani ya kelele. Kosa la pili ni kuacha ule mkung'uto ulie mrefu. Unatakiwa ukatwe mara moja, "chk", kama mkwaju wa ngoma. Wengi wanajaribu kuukata kwa kulegeza vidole vya kushoto, na kwenye G haisaidii, kwa sababu nyuzi zilizo wazi zinaendelea kulia. Kata kwa kiganja cha kulia, kilaze juu ya nyuzi. Johnny Cash alikuwa anapenyeza karatasi iliyokunjwa kati ya nyuzi za gitaa lake kavu ili itoe mlio wa ngoma, kwa kuwa mwanzoni bendi yake haikuwa na mpiga ngoma. Jaribu, kwenye gitaa kavu inafanya kazi vizuri ajabu.

Ikishakaa kwa mapigo 100 kwa dakika bila kuchechemea, weka piki chini uchukue piki ya gumba, ile inayovaliwa kama pete. Mtindo huu wa gumba umepewa jina la mpiga gitaa Merle Travis wa Kaunti ya Muhlenberg, Kentucky, ingawa yeye mwenyewe aliupata kwa wapigaji wa hapo kwao kama Mose Rager. Gumba linatembea kwenye besi bila kusimama, shahada na kidole cha kati vinabeba wimbo juu. Aliyekulia na nyimbo za Mwenda Jean Bosco wa Katanga au George Mukabi wa magharibi mwa Kenya tayari ana sikio la kitu hiki: gumba na shahada, mtu mmoja anasikika kama wawili. Faida hiyo Mmarekani anayeanza hana.

Zoezi: shika C, gumba lipige uzi wa 5, 4, 6, 4. Kwa uzi wa 6 hamishia kidole cha pete freti ya 3. Mapigo 60, gumba tupu, wiki nzima. Usiguse uzi mwembamba mpaka uweze kumjibu mtu anayekuuliza chumvi iko wapi bila gumba kukatika. Hapo ndipo uongeze uzi wa 1 pamoja na pigo la kwanza, ukibana gumba na kidole cha kati kama unachukua ugali. Kisha uzi wa 2 kwa shahada, katikati ya pigo la pili na la tatu. Hapo gumba litataka kumfuata shahada. Likifanya hivyo, rudi gumba tupu mizunguko minne, usilazimishe.

Piki za gumba zinazouzwa ni saizi za vidole vya watu wengine. Ikikubana, itumbukize kwenye maji ya moto kwa sekunde 15, ivae, ishikilie mpaka ipoe. Usitumie kiberiti! Nyingine ni za seluloidi, na seluloidi inashika moto kama petroli.

Kisigino cha kiganja kikae juu ya nyuzi za 6, 5 na 4 palepale zinapotokea darajani, ili besi iwe fupi na nene. Bamba la daraja la mtindo wa zamani lina kingo zilizoinuka pembeni, zinakata mkono baada ya nusu saa. Langu ni bapa, na hilo nalihesabu kama ubora.

Halafu ule mdonoo wa kuku, ambao ndio ulionileta huku. Piki ya kawaida imeshikwa na gumba na shahada, kidole cha kati kiko huru. Weka kidole cha kushoto juu ya uzi wa 2 freti ya 5 bila kubana, uguse tu. Piga kwa piki: "tk", mlio mfu. Sasa bana, na udonoe uzi huohuo kwa kidole cha kati ukiuvuta nje kidogo: "pwa". Mfu, hai, mfu, hai. Ukisikia zote mbili zinalia, kushoto hujalegeza. Ukisikia zote mbili ni mfu, umechelewa kubana. Kucha ya kidole cha kati itaisha; wapigaji wengi wa kantri huko Marekani hubandika za saluni, na saluni ya mtaani kwako itakubandikia hiyo moja bila kukuuliza maswali mengi.

Mvuto wenyewe, ule unaoiga gitaa la kulazwa lenye pedeli, uko hivi kwenye A. Kidole cha kati uzi wa 3 freti ya 4, shahada nyuma yake freti ya 3 ikisaidia kusukuma. Kidole cha pete uzi wa 2 freti ya 5, cha mwisho uzi wa 1 freti ya 5. Donoa zote tatu kwa pamoja, kisha sukuma uzi wa 3 kwenda juu, upande wa nyuzi nene, toni nzima, mingine miwili iendelee kulia bila kusogea pale ilipo. Kabla hujasukuma, piga uzi wa 3 freti ya 6 ili sikio lijue unakwenda wapi. Karibu kila mtu anaishia njiani, robo toni chini, na kordi inasikika chungu. Nguvu itoke kwenye kuzungusha kifundo cha mkono. Vidole peke yao vinachoka mara tano tu. Kama vidole vya pete na mwisho vinasogea pamoja na uzi wa 3, fanya kwanza bila uzi wa 1, nyuzi mbili tu.

Kasoro zilizobaki mpaka leo: jeki ya kuchomekea waya ilianza kuzunguka mwezi wa tatu. Ni ugonjwa wa umbo hili, kwa sababu imekaa ndani ya kikombe cha chuma ubavuni. Usikaze nati ya nje jeki ikizunguka nayo, utakata nyaya ndani. Izuie kwanza kwa mkasi mwembamba uliopenyezwa tunduni, ndipo ukaze. Na swichi ya pikapu inakwaruza ikiwa katikati. Nimeipulizia dawa ya kusafishia kontakti mara mbili, inakaa kimya wiki tatu hivi kisha inarudia. Mara ya tatu nitaing'oa niweke mpya: skrubu mbili na nyaya za kuchomelea upya, ila kabla ya kung'oa nitazipiga picha.